Gemu Imekuonea? Tukague Ushahidi

Kama umewahi kupita karibu na kibanda cha gemu jioni, unajua kwamba mle ndani hakuna mtu aliyewahi kufungwa kihalali. Nimekaa kwenye vibanda hivyo tangu nikiwa darasa la tano, jero kwa mechi moja, na sijawahi kumsikia mtu akisema, "Aisee, jamaa kanizidi uwezo." Hapana. Sababu ni pedi. Kama siyo pedi, kompyuta imempendelea mwenzake. Kama siyo kompyuta, ni jua linalopiga kwenye skrini, au yule mtoto aliyepita mbele yake dakika mbili kabla ya bao.

Mimi mwenyewe ni mlalamikaji mzoefu. Sasa hivi nasoma shahada ya uzamili, mambo ya kompyuta, na elimu hiyo haijapunguza malalamiko yangu hata kidogo. Imeyapa istilahi tu. Lakini imenifundisha swali moja zuri: gemu inapotukera, kosa ni la nani? Ni la hesabu, la fizikia, la ubongo wetu, au kuna mtu kakaa ofisini akapanga tukereke?

Basi leo tufungue mahakama. Nitaleta kesi sita ambazo kila mcheza gemu anazijua, tukague ushahidi, kisha tutoe hukumu. Nakuonya mapema kwamba katika kesi ya mwisho mimi ndiye mlalamikaji, mimi ndiye mshtakiwa, na kielelezo cha kwanza ni bumu langu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ambayo haikumaliza wiki.

KESI YA 1: "Gemu imechanganyikiwa yenyewe"

Unamjua Pac-Man, yule mduara wa njano anayekula vidoti huku akikimbizwa na mizimu. Ilitoka Japani mwaka 1980 na kampuni ya Namco. Watengenezaji hawakuipangia mwisho. Wazo lilikuwa mchezaji aendelee mpaka achoke au ajira yake imuite. Lakini waliokaa kwenye mashine kwa saa nyingi waligundua kwamba mwisho upo. Ukifika leveli ya 256, nusu ya kulia ya skrini inajaa takataka: herufi, namba, vipande vya matunda, kama mtu amemwaga droo ya jikoni. Vidoti vilivyobaki havitoshi kumaliza leveli. Umekwama. Mizimu inakumaliza.

Kwa nini 256? Kwa sababu mashine ilihifadhi namba ya leveli kwenye baiti moja. Baiti ina biti nane, na kila biti ni 0 au 1, kwa hiyo michanganyiko yote ni 2 × 2 × 2 mara nane, yaani 256. Ukianza kuhesabu kutoka 0, namba kubwa kabisa ni 255. Ukiongeza moja, inarudi 0. Ni kama mita ya kilomita kwenye gari la zamani: ikifika 99999, kilomita inayofuata gari linakuwa jipya, angalau kwa mnunuzi asiye makini.

Sasa chini ya skrini ya Pac-Man kuna sehemu inayochora matunda kulingana na leveli uliyofikia. Sehemu hiyo ilichukua namba ya leveli, ikaongeza moja, ikapata sifuri badala ya 256. Programu ilikuwa imeandikwa ichore kwanza, ipunguze moja, kisha ndiyo iulize "tumefika sifuri?" Ikianza na sifuri, ikipunguza moja inapata 255, kwa hiyo inaendelea kuchora mpaka imalize raundi zote 256. Matunda halisi yaliisha mapema sana, ikaanza kuchora chochote inachokikuta kwenye kumbukumbu. Ndiyo hiyo takataka unayoiona.

Usicheke sana. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza na ikasambaratika angani kabla hata ya dakika moja kuisha. Chanzo: programu ilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ya biti 16, ikashindwa kuenea. Ni ugonjwa uleule wa Pac-Man, bili tu ndiyo tofauti.

Hapa kuna mtego mmoja kwako. Huenda umesikia kisa cha Gandhi kwenye gemu ya Civilization ya mwaka 1991. Inasemekana Gandhi alipewa ukali wa 1, nchi yake ikiwa ya kidemokrasia ukali ukapungua kwa 2, na kwa kuwa kompyuta haikujua hasi moja, ikazunguka mpaka 255. Mpigania amani akaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Kisa kizuri, kinaelezeka, na nimekisimulia kwenye semina nikapigiwa makofi. Tatizo ni kwamba Sid Meier, mtu aliyeitengeneza gemu hiyo, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 2020 kwamba kosa hilo halikuwahi kuwepo. Kwenye Civilization V ya mwaka 2010, watengenezaji walimpa Gandhi mapenzi makubwa ya nyuklia kwa makusudi, kama utani tu.

Maelezo yanaweza kuwa ya kisayansi, matamu, yenye namba ndani yake, na bado yakawa uongo. Kumbuka hilo tunapoendelea.

Hukumu: Pac-Man ana hatia. Gandhi aachiwe huru.

KESI YA 2: "Inachukua mwaka kufunguka"

Mwaka 2021 mchezaji mmoja anayejulikana mtandaoni kwa jina la t0st alichoka kusubiri GTA Online ifunguke. Kwenye kompyuta yake ilikuwa inachukua kama dakika sita. Wengi wetu tungekwenda kuchemsha chai. Yeye aliamua kuifungua programu yenyewe aone inafanya nini muda wote huo.

Alichokikuta kinafundishwa mwaka wa kwanza chuoni kama mfano wa kitu cha kutofanya. Gemu ilikuwa inasoma faili la maandishi la takriban megabaiti 10, lenye orodha ya vitu kama 63,000 vinavyouzwa ndani ya gemu. Kila iliposoma neno moja, ilirudi kupima urefu wa maandishi yote yaliyobaki hadi mwisho wa faili. Fikiria unasoma kitabu, na kila ukimaliza neno unahesabu kurasa zilizobaki ndipo usome neno linalofuata.

Halafu, kila ilipopata kitu kipya, ilikikagua dhidi ya vyote vilivyotangulia, kimoja kimoja, kuona kama hakijajirudia. Kitu cha pili kinalinganishwa na kimoja, cha tatu na viwili, mpaka cha 63,000. Piga hesabu: 63,000 × 63,000, gawa kwa mbili. Ni ulinganishi karibu bilioni 2. Kwa ajili ya orodha ya bei!

Kwenye sayansi ya kompyuta tunasema kazi ya namna hii inakua kwa mraba: vitu vikizidi mara mbili, kazi inazidi mara nne. Ndiyo maana kosa kama hili hujificha. Siku ya kwanza, orodha ina vitu mia chache, hakuna anayeona kitu. Miaka inapita, vitu vinaongezwa, na siku moja taifa zima la wachezaji linakunywa chai. Jamaa alirekebisha sehemu hizo mbili mwenyewe, muda ukapungua kwa karibu asilimia 70. Kampuni ya Rockstar ikakubali kosa, ikalirekebisha kwa wachezaji wote, na kumlipa dola 10,000.

Hukumu: Mlalamikaji ana haki. Tena alistahili kulalamika mapema zaidi.

KESI YA 3: "Asilimia 95 na bado imekosa!"

Kuna gemu za vita vya kupanga, mfano XCOM, ambazo kabla hujapiga zinakuonyesha nafasi ya risasi kupata. Askari wako amesimama mbele ya adui, karibu kabisa ya kumpa mkono. Skrini inasema asilimia 95. Unapiga. Inakosa. Unainuka kwenye kiti na kumtafuta aliyeitengeneza.

Tulia kwanza. Asilimia 95 maana yake ni kwamba katika kila mapigo 20, kwa wastani moja linakosa. Nafasi ya kupiga mara 20 mfululizo bila kukosa hata moja ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 20, sawa na 0.36 hivi. Kwa hiyo ukipiga mara 20, kuna nafasi ya asilimia 64 kwamba utakosa angalau mara moja. Gemu haijakuibia. Ilikwambia ukweli, wewe ukasikia "hakika".

Hili ni la ubongo, na watengenezaji wanalijua. Sid Meier, yuleyule wa Civilization, alieleza kwenye hotuba yake ya mwaka 2010 kwamba wachezaji wakiwa na nguvu mara tatu ya adui wanaona kushindwa ni uonevu, lakini wao wakiwa dhaifu mara tatu na wakashinda, wanaona ni halali kabisa, ni mbinu! Sisi ndio haohao tunaolia "mwamuzi kauzwa" pale tu timu yetu inapofungwa.

Watengenezaji wengine wameamua kudanganya ili tuone haki. Fire Emblem ya Nintendo, kwenye matoleo yake mengi, haitumii namba nasibu moja kuamua kama pigo limepata. Inachukua mbili na kutafuta wastani. Matokeo yake ni kwamba ukionyeshwa asilimia 90, nafasi halisi ni kama asilimia 98. Kwa nini? Rusha dete moja: 1 hadi 6 zote zina nafasi sawa. Rusha mbili ujumlishe: 7 inatokea mara nyingi, 12 ni adimu. Wastani wa namba mbili hukaa katikati, na zile za mwishomwisho, ambazo ndizo zingekukosesha pigo, zinakuwa chache. Mchezaji anaonyeshwa namba ya uongo na kuondoka akisema, "Hii gemu ndiyo inajua haki."

Ukitaka kujipima, chukua daftari. Kabla ya kila pigo andika asilimia uliyoonyeshwa, baada ya pigo andika kama limepata. Fanya hivyo mara mia. Niliwahi kujaribu kitu kama hicho kwenye gemu ya soka, kwa sababu niliamini kabisa nafungwa makusudi dakika za mwisho. Daftari likaniumbua. Mabao niliyofungwa mwishoni nilikuwa nayakumbuka yote, na majina ya wafungaji. Niliyofunga mimi mwishoni nilikuwa nimeyasahau, maana hayo yalikuwa "kawaida".

Hukumu: Kesi imetupwa. Mlalamikaji akasome somo la uwezekano.

KESI YA 4: "Nilibonyeza! Wallahi nilibonyeza!"

Hii ya kucheza mtandaoni ndiyo inayotuumiza zaidi sisi wa huku. Gemu inakwamakwama, vijana wanasema inalagi. Unajificha nyuma ya ukuta, unashusha pumzi, halafu unakufa. Umepigwa risasi iliyopita kwenye zege?

Hapa mshtakiwa wa kwanza ni mwendo wa mwanga wenyewe. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo wa mawasiliano, mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam mpaka London, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,500. Kwenda tu ni milisekunde 37 na ushee. Kwenda na kurudi ni 75. Hakuna bando la kasi, la usiku wala la chuo litakaloshusha hapo. Na mkongo wenyewe haunyooki: unafuata bahari, unapita Bahari ya Shamu, unavuka Misri, na njiani kuna vituo ambavyo kila kimoja kinakula muda wake. Kwa hiyo ukiona pingi ya 150 au zaidi kwenye seva ya Ulaya, usishangae.

Je, 150 ni nyingi? Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 17 hivi. Milisekunde 150 ni picha tisa. Wakati wewe unaona penalti inapigwa, kule kwenye seva kipa wako ameshafungwa, na kwenye kibanda cha mpinzani wameshaanza kushangilia.

Wazee wa vibanda watakwambia tumetoka mbali, na ni kweli. Kabla ya mikongo ya baharini kufika Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, Seacom, TEAMS na EASSy, intaneti yetu kubwa ilipitia setilaiti zilizo juu ya ikweta, kilomita kama 35,800 kutoka ardhini. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda, linashuka. Hiyo ni karibu nusu sekunde kabla mtu hajafanya chochote. Kwa pingi hiyo unaweza kucheza bao, labda na drafti. Na mkongo nao una siku zake: Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika baharini kwa wakati mmoja, intaneti iliyumba Tanzania, Kenya na majirani, na mimi nikamaliza sura nzima ya tasnifu yangu.

Sasa, ile risasi ya ukutani. Wewe na mpinzani wako hamwoni dunia moja. Kila mmoja anaona picha iliyochelewa kidogo, kwa kiasi tofauti. Seva inafanya kama mwamuzi wa marudio: mpinzani akifyatua, inarudisha mkanda nyuma mpaka muda ule ambao yeye alikuwa anaona, na kuuliza, "Kwenye skrini yake, ulikuwa kwenye shabaha?" Kama ndiyo, umekufa, hata kama kwenye skrini yako umeshafika nyuma ya ukuta na kuanza kunywa maji. Bila mbinu hiyo, kila mtu angelazimika kulenga hewani mbele ya adui kulingana na pingi yake. Yaani lazima mmoja wenu aonewe, na watengenezaji wameamua aonewe anayekimbia.

Dawa ya kweli ni moja: sogeza seva. Dar mpaka Johannesburg ni karibu kilomita 2,500, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa mwanga ni kama milisekunde 25 tu. Ndiyo maana gemu yenye seva Afrika Kusini tunaifurahia zaidi, hata kama ni gemu ya hovyo. Seva kujengwa wapi siyo suala la fizikia. Ni suala la nani anahesabiwa kuwa mteja.

Hukumu: Mwanga hauna hatia, unakimbia uwezavyo. Aliyeweka seva mbali aitwe kutoa maelezo.

KESI YA 5: "Kompyuta inaiba"

Kesi hii nilitegemea kuitupa. Imenishinda.

Mwaka 1993 kampuni ya Midway ilitoa NBA Jam, gemu ya kikapu iliyokula sarafu nyingi sana Marekani. Mark Turmell, aliyeiongoza kazi hiyo, ni shabiki wa Detroit Pistons, na alikuwa hawapendi Chicago Bulls. Miaka baadaye alikiri hadharani: aliweka msimbo maalum ili Bulls wakicheza na Pistons, mitupo ya Bulls ya sekunde za mwisho ikose. Kwa hiyo kuna mtu kule Chicago aliyekuwa analalamika kwamba mashine inampendelea mpinzani, wenzake wakamcheka, na alikuwa sahihi kabisa. Kama unamjua, mpelekee salamu.

Udanganyifu mwingine uko wazi. Kwenye Mario Kart, ukiwa wa mwisho unapewa silaha kali. Ukiwa wa kwanza unapewa ganda la ndizi. Ni makusudi, ili mbio zisichoshe na mdogo wako wa miaka sita asilie.

Na kuna makosa yaliyogeuka kuwa sanaa. Kwenye Space Invaders ya mwaka 1978, mashine ilikuwa dhaifu. Wavamizi wakiwa wengi ilichora polepole. Ulivyowaua, kazi ya kuchora ikapungua na waliobaki wakaenda kasi zaidi. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, angeweza kulirekebisha. Akaliacha, kwa sababu lilileta presha nzuri. Kwenye Street Fighter II ya mwaka 1991, mapigo ya kuunganisha yalianza kama jambo lisilopangwa, na leo hakuna gemu ya ngumi isiyo nayo.

Upande wa pili kuna Aliens: Colonial Marines ya mwaka 2013. Ilizomewa kwa sababu majoka yake ya angani yalikuwa yanakimbia ovyo kama kuku aliyepotea njia. Mwaka 2018 ilienea habari kwamba kwenye faili moja la mipangilio, neno moja la Kiingereza lilikuwa limeongezwa herufi A isiyotakiwa. Kwa kosa hilo la tahajia, agizo la kuwaongoza maadui lilikuwa halisomeki. Futa herufi moja, maadui wanapata akili kiasi. Mwalimu wako wa imla alikuwa na hoja.

Hukumu: Mara nyingi haiibi. Lakini ikiiba, ni kwa sababu kuna binadamu aliyeiambia iibe.

KESI YA 6: "Boksi linalofuata ndilo"

Nimefika kwangu.

Mwaka wa pili wa digrii ya kwanza nilikuwa nacheza gemu ya soka kwenye simu. Jina nalihifadhi. Ilikuwa ya bure, na ndani yake kulikuwa na maboksi ya bahati: unalipa, boksi linatikisika, mwanga unatoka, mchezaji anatokea. Boksi moja lilinigharimu kama shilingi 2,500. Mshambuliaji niliyemtaka alikuwa na nafasi ya asilimia 1. Ilikuwa imeandikwa, kwa maandishi madogo, na mimi mwanafunzi wa hesabu niliisoma.

Bumu likaingia Jumatatu. Mpaka Alhamisi nilikuwa nimefungua maboksi 60. Shilingi 150,000. Mshambuliaji hakutokea. Nilipata mabeki wa kushoto wengi sana, wa kutosha kuanzisha chama chao.

Kichwani nilikuwa na hesabu hii: asilimia 1, kwa hiyo maboksi 100 lazima atoke, nimeshafungua 60, nimebakiza 40, kuacha sasa ni kutupa hela. Kila hatua hapo ina kosa. Nafasi ya kufungua maboksi 100 bila kumpata ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 100, ambayo ni asilimia 37. Zaidi ya theluthi moja ya watu wanaofungua 100 wanatoka mikono mitupu. Kwa maboksi 60 yangu, nafasi ya kukosa ilikuwa asilimia 55. Na boksi la 61 halikujua kwamba nimefungua 60. Halina kumbukumbu, halina huruma, halijui kwamba nitakula maharage ya mkopo mpaka mwezi uishe. Nafasi yake ni asilimia 1, ileile ya Jumatatu.

Mbona sikuacha? Karne iliyopita mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani aliwafungia njiwa na panya kwenye visanduku na kuwapa chakula kwa njia tofauti. Mnyama anayepata chakula baada ya idadi isiyotabirika ya majaribio hubonyeza kwa kasi na kwa ung'ang'anizi kuliko anayelipwa kila mara, na chakula kikikatwa huchelewa sana kukata tamaa. Mashine za kamari zimejengwa hivyo. Maboksi yale pia. Ule mtikisiko, ule mwanga, ile sekunde moja ya kusubiri, havikuwekwa kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana mwaka 2017 China ilizitaka kampuni zitangaze uwezekano wa kila zawadi, na mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikasema maboksi ya baadhi ya gemu kubwa yanavunja sheria ya kamari. Kwetu hapa, ukitaka kuweka mkeka lazima uwe na miaka 18. Boksi kwenye simu ya mtoto halimwulizi kitu, linataka tu salio.

Mdogo wangu ana miaka 13. Likizo iliyopita alinijia na simu ya mama, akaniambia kwa furaha, "Kaka, nimebakiza kidogo tu apatikane." Sikumpiga wala sikumpokonya simu. Nilimpa dete mbili nikamwambia, hebu tafuta sita mbili pamoja, na kila ukirusha uniambie umebakiza ngapi. Nafasi yake ni moja katika 36. Akarusha mpaka akachoka, karibu nusu saa. Zilikuja mara ya kwanza kwenye mrusho wa 11, halafu zikapotea kabisa. Alipofika wa 70 akanitazama. "Kwa hiyo hamna kubakiza?" Hamna, mdogo wangu. Hamna kubakiza.

Hukumu: Gemu hii haikuwa na kosa lolote. Haikukwama, haikuchanganyikiwa, haikudanganya namba. Ilifanya kazi vilevile ilivyopangwa, na ndiyo pekee kati ya zote sita iliyonitoa hela ya chakula.

Kwa hiyo safari nyingine ukikereka, uliza maswali matatu kabla hujarusha pedi ukutani. Je, kosa linajirudia kila ukifanya kitu kilekile? Basi ni hesabu, na kuna mtu anaweza kulirekebisha. Linazidi ukicheza na watu wa mbali? Ni njia ya mwanga na mahali seva ilipo. Linatokea pale tu unapopoteza? Chukua daftari. Lakini kama hakuna kosa lolote, kila kitu kinang'aa, na bado salio linapungua, hapo ndipo uweke simu chini.

Mimi bado nacheza. Jana nimefungwa nne bila na kijana wa kidato cha pili. Ilikuwa pedi.